Neno Kaisari

Wapenda tarehe ya Warumi wanaobarizi kwa mahaba ya elimu, iwe Nyamitaba katika milima ya Masisi au Unguja, hawana budi kulitafakari neno Kaisari, ambalo kwa asili lilikuwa jina la jamaa ya Julius Kaisari, aliyeuawa mwaka 44 kabla ya Masihi, kisha mrithi wake Augustus akalichukua, hata likawa lakabu ya watawala wa Rumi. Waarabu walilitamka Qaysar. Wadachi wakamwita mfalme wao Kaiser. Na mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, kwa kuifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Kaisari huyo, aliwanenesha Warumi Kiswahili fasaha. Basi masahibu na waendelee kujadiliana, kwani lugha yetu inayo hazina ya kutosha kuihadithia dola ile adhimu.