Jumapili kambini: siku ya mapumziko nayo inahitaji mwangalizi

Kambi ya kitaaluma ni utaratibu wa wanafunzi wa kutwa, hasa wa darasa la saba na kidato cha nne, kulala shuleni kwa muda kabla ya mtihani wa taifa. Hapa Tanzania darasa la saba hufanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba. Katika kambi nyingi Jumapili haina vipindi.

Siku hiyo si ya kupotea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja haki ya mtoto kucheza na kupumzika. Wanafunzi hufua sare, huenda ibadani, hucheza mpira na kuwapokea wazazi wanaoleta unga, maharage na sabuni.

Lakini vipindi vikisimama, uangalizi nao hulegea. Wapo wanaokwenda kuogelea mtoni au bwawani bila mtu mzima. Wapo wasichana wanaoitwa nje ya shule kwa ahadi ya chipsi au lifti ya bodaboda.

Mzazi msikilizaji, kabla mtoto hajabeba godoro, tunashauri uulize mambo manne:

- Mwalimu wa zamu Jumapili ni nani, na wa kike yupo?
- Anayetoka na kurudi anaandikwa kwenye daftari?
- Nani ameruhusiwa kumchukua mtoto?
- Maji ya kufulia yanachotwa wapi?

Ukiona dalili za ukatili, toa taarifa kwa mkuu wa shule au ofisi ya kijiji, au piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Kupiga ni bure.