Mkongo Aliyeimba Kiswahili cha Uswazi

Wazee wa Dar wakianza stori za dansi la miaka ya 1970 na 1980, hawamalizi bila kuwataja Wazaire. Walikuja na magitaa, pamba kali na Kilingala. Kumbi zilijaa, watu wakacheza mpaka usiku wa manane, ila wengi hawakujua mwimbaji analalamikia nini.

Mmoja wao alitua mwaka 1978, akaanzia Orchestra Makassy. Jina halina haja ya kutajwa, kuna kituo cha daladala Sinza kinaitwa kwa jina hilo mpaka leo.

Jamaa alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo. Huko Kiswahili kilifika karne ya 19 na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, halafu kikakua kivyake. Watu wanaitwa "batu", vitu "bintu". Kwa hiyo hakuja mtupu, lakini Kiswahili cha Kongo na cha Dar ni ndugu walioachana muda mrefu. Ukiongea cha kwenu mtaa unakuelewa, unacheka kidogo, na unabaki mgeni.

Yeye alikishika cha hapa. Akiwa na Super Matimila akaimba habari za mlalahoi na mfiwa: "Kifo", "Mnyonge Hana Haki". Nyimbo kama hizo hazitoki kwenye kamusi. Lazima uwe umekaa msibani, umesikia watu wanavyolia na wanavyotaniana.

Kisha ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na miaka ikapita watu bado wanaona aibu kutamka kondomu. Jamaa akachukua neno la mtaani, soksi, akatoa "Mambo kwa Soksi". Redio ya taifa haikuupiga, lakini wimbo ulifika. Mgeni asiyeujua mtaa angeimba neno la hospitali. Yeye aliimba neno ambalo mtu anaweza kumwambia mpenzi wake chumbani.

Ndiyo faida ya kujifunza lugha ya watu. Unajua kinachowauma, unajua wanachoogopa kusema, na wao wanakukubalia useme kwa niaba yao.

Alipofariki Desemba 2010, Dar ilimzika kama mtu wa Sinza. Na kondakta akifika kituo kile hasemi "kwa yule Mkongo". Anaita jina tu, abiria wanashuka.