Upinde wa Wazee Wetu: Historia Fupi ya Uwindaji wa Jadi, kwa Vijana wa Nyakabiga Waliokulia Kambini



Katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi, 20 Juni, sisi tuliotoka mtaa wa Nyakabiga, mjini Bujumbura, tumepewa ukurasa wa historia. Huenda wengi walitarajia tuandike habari za mtaa wenyewe: mto Ntahangwa, Chuo Kikuu kilicho jirani, ndugu zetu wa Bwiza na Buyenzi, na zile siku za mwaka 2015 zilizotutoa majumbani. Hayo yameandikwa na yataandikwa tena. Safari hii tumechagua upinde.

Sababu yetu ni hii. Wapo vijana wa kambini wanaokamatwa msituni wakiwa na nyama ya porini. Wakiulizwa, baadhi yao hujibu: "Babu zetu walikuwa wawindaji." Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili hawakufundishwa, na sisi wakubwa hatuna budi kuwafundisha.

NANI ALIWINDA

Nyakabiga ni mjini. Hakuna aliyewinda pale. Lakini karibu kila nyumba ya Nyakabiga ilikuwa na kilima chake cha asili, iwe Muramvya, Mwaro, Kayanza au Bururi, na wakati wa likizo watoto walipelekwa huko kwa babu na bibi. Huko ndiko wengi wetu tulikouona upinde kwa mara ya kwanza. Kwa Kirundi upinde ni umuheto, na mshale ni umwambi. Neno hili lilikuwa zito katika nchi zetu. Katika ufalme wa Rwanda, umuheto lilikuwa pia jina la jeshi la mwami na la mafungamano ya watu waliokuwa chini ya mkuu wa jeshi hilo.

Wawindaji walikuwa wa aina tatu. Kwanza ni Batwa, ambao msitu ulikuwa ghala lao, hasa Kibira, msitu wa milimani unaoungana na Nyungwe ya Rwanda. Pili ni wakulima na wafugaji wa vilimani, waliowinda kwa msimu ili kulinda mashamba na kupata kitoweo. Hao walitoka kwa makundi pamoja na mbwa waliofungwa njuga shingoni. Tatu ni wafalme na watu wao, ambao Kibira ilikuwa mahali pao pa kuwindia. Wanyama walikuwa nguruwe mwitu, pongo na funo, na kule mashariki, bonde la Ruvubu, nyati na kuro.

VIFAA NA MATAYARISHO

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Upinde hauokotwi njiani. Mti wake huchaguliwa ukiwa mgumu, usio na vifundo, unaokubali kupindwa bila kuvunjika. Hukatwa, humenywa magamba, kisha hukaushwa polepole kivulini, maana jua kali huupasua. Baadaye huchongwa kidogo kidogo, mwenyewe akiupima kwa kuupinda, ili pande mbili zivute sawasawa. Hupakwa mafuta ili usikauke mno wala usinyonye maji.

Upote, yaani kamba ya upinde, aghalabu ni kano za mnyama zilizosokotwa. Mwindaji mwangalifu huufungua upote akirudi nyumbani, kwa sababu upinde uliovutwa mchana na usiku huchoka na kupoteza nguvu. Mvua nayo ni adui: kano zikilowa hulegea.

Mshale una kazi kubwa kuliko upinde wenyewe. Mti wa mshale hupashwa moto na kunyooshwa kwa mkono na kwa meno mpaka jicho lisione kombo. Nyuma hufungwa manyoya ya ndege, kwani mshale usio na manyoya huyumba hewani. Chembe huweza kuwa mti uliochongwa, kwa ndege na wanyama wadogo, au chuma cha mhunzi, kwa wanyama wakubwa. Kwa hiyo nyuma ya kila mwindaji alikuwapo mhunzi.

Sehemu nyingine za Afrika Mashariki sumu ilitumika pia. Wahadzabe wa Tanzania huipata katika mdagwa na mimea mingine, na Wawaata wa Kenya katika mti wa msungu. Sumu hiyo husimamisha moyo wa mnyama. Ilitunzwa mbali na watoto, na mishale yake iliwekwa peke yake ndani ya podo.

KAZI YA MAISHA MAZIMA

Watu wengi hudhani kuwinda ni kulenga. Kulenga ni sehemu ndogo. Upinde wa jadi unahitaji mwindaji afike karibu sana, hatua 20 au 30 tu, na kumfikia mnyama karibu hivyo ni elimu ya miaka. Lazima ujue upepo unatoka wapi, maana mnyama hunusa kabla ya kuona. Lazima usome nyayo, kinyesi, jani lililovunjika, na ujue kama ni la leo au la jana. Na baada ya mshale kutoka, huna budi kusubiri. Anayemkimbilia mnyama aliyejeruhiwa humfukuza mbali na kumpoteza.

Ushahidi wa hayo tunauona kwa Wahadzabe wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi. Mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo kabla ya umri wa kwenda shule, akaanza na ndege na panya. Upinde wa mtu mzima hukaribia kimo chake, na kuuvuta ni kama kuinua mzigo wa takriban kilo 30. Kati ya upinde ule wa kwanza na huu wa mwisho hupita miaka mingi ya kujifunza kila siku. Mzee ambaye mikono yake imeishiwa nguvu bado ana kazi: huchonga mishale na kuwaelekeza vijana.

JINSI UPINDE ULIVYOSHINDWA

Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwaka 1897. Ofisa mmoja wa kituo hicho, Kapteni von Beringe, aliua sokwe wakubwa wa mlimani kwa bunduki kwenye mlima Sabinyo mwaka 1902, na sokwe hao wakapewa jina lake katika vitabu vya sayansi. Mwaka uliofuata ofisa huyo huyo aliongoza vita dhidi ya Mwami Mwezi Gisabo. Mikuki na mishale haikuweza kuzuia bunduki, na mwami akalazimika kukubali mkataba wa Kiganda, tarehe 6 Juni 1903.

Wabelgiji waliingia mwaka 1916. Baada ya uhuru wa 1962, mashamba ya chai ya Teza na Rwegura yalistawi kandokando ya Kibira. Mwaka 1980 Kibira ikawa hifadhi ya taifa, na Ruvubu vivyo hivyo. Msitu ulipona, na hilo ni jema. Lakini Batwa walipoteza ghala lao bila kupewa mashamba ya kutosha. Wengi walibaki na ufinyanzi, mpaka plastiki ikaja kuwanyang'anya soko hilo pia. Katiba ya 2005 iliwapa viti vitatu Bungeni na vitatu katika Seneti. Ardhi ikabaki kuwa kilio chao.

Hawakuwa peke yao. Hifadhi ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948, Wawaata waliokuwa wakiwinda tembo kwa mishale ya sumu waliamka wakiwa majangili katika nchi ya baba zao, na wengi walifungwa katika miaka ya 1950. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata nafuu: Oktoba 2011 walipewa hati za ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000.

Tusifiche jambo moja. Katika vita vya nchi yetu, hasa baada ya Oktoba 1993, silaha za jadi zilielekezwa kwa majirani, na mitaa ya Bujumbura, Nyakabiga ikiwemo, ikagawanyika kwa kabila. Silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya mnyama ilipogeuzwa kwa binadamu, utamaduni wenyewe ulitiwa doa. Anayesifu upinde na kulinyamazia hilo hasemi historia.

HAPA KAMBINI

Uwindaji wa wakimbizi una historia yake. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu kambi za kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Nyama ya porini ilikuwa ikiitwa "mchicha wa usiku", kwa kuwa iliuzwa na kupikwa giza likishaingia. Ripoti ilisema wazi kwamba chanzo kimoja ni posho isiyo na nyama. Njaa ni kweli, wala hatumcheki aliyeshindwa kuivumilia.

Lakini anayetega waya porini asijiite mrithi wa babu. Waya hauchagui: humnasa jike mwenye mimba, humnasa mtoto, humwacha mnyama akioza bila mtu kujua. Mwenye upinde alimwona anayemlenga, akaamua, na aliweza kuushusha mshale. Uwezo huo wa kuushusha ndio urithi. Zaidi ya hapo, sheria ya nchi inayotupokea inakataza, na kijana anayefungwa huacha mama yake kwenye foleni ya posho peke yake.

Kwa hiyo tunatoa maombi mawili. Wazee wanaojua kuchonga umuheto na kunyoosha umwambi wajitokeze, wawaonyeshe vijana mchana kweupe, mbele ya kamati, kwa kulenga shabaha ya majani. Nao vijana waandike majina ya miti, ya vifaa na ya wanyama kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kabla wanaoyajua hawajatutoka. Msitu si wetu hapa, lakini maarifa haya ni yetu, na hayahitaji kibali cha mtu.