Ni Nani Asemaye? Msimulizi na Mtungaji katika Vitabu vya Hadithi

Walimu wanaosahihisha karatasi za fasihi katika shule za Temeke na Kinondoni wayajua vema maneno haya mawili: "mwandishi anasema". Ni nadra kuiona insha isiyokuwa nayo. Mwizi akinena katika hadithi, mwandishi anasema. Mume akimtukana mkewe, mwandishi anasema. Mtu wa kubuniwa akijisifu kwa ushujaa asiokuwa nao, ni yeye yule mwandishi. Twaona yafaa kuuliza jinsi mazoea haya yalivyoingia, maana hayakutoka kwa wazee wetu wa pwani, wala madhara yake si madogo kama yanavyodhaniwa.

Zamani mtambaji alipoita "Paukwa!" akaitikiwa "Pakawa!", wote waliohudhuria, hata mtoto mdogo, walijua ya kuwa tangu hapo asemaye si fulani jirani yao tena. Aliponena kwa sauti ya Fisi hakuna aliyemshitaki kwa ulafi. Tena lugha yenyewe ilikuwa imemwekea maneno madogo ya kujitenga na habari anayoisimulia: "ati", "eti", "yasemekana". Hata neno riwaya, ambalo leo ni jina la kitabu cha hadithi ndefu, katika Kiarabu lilikuwa na maana ya kupokea habari na kuipokeza, na rawi ni yule mpokezaji. Basi Kiswahili kilijua tangu kale kwamba kati ya jambo na msikilizaji pana mtu amesimama, naye mtu huyo yapasa atazamwe. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu, alipochapisha hadithi za Unguja mwaka 1870, hadithi hizo zilihifadhika. Lakini karatasi haina masikio, na kile kiitikio cha wasikilizaji hakikuweza kuingia chapani pamoja nazo.

Kisha zikaja tafsiri. Frederick Johnson, mtu wa idara ya elimu ya Tanganyika, ndiye aliyekuwa Katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha ya nchi nne iliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1930. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1929, vilikwisha kutoka vitabu vyake viwili ambavyo wazee wengi walisomeshwa: Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Baadaye wasomaji wakapata na Safari za Gulliver. Angalia jambo hili, ambalo twaona halikuangaliwa vya kutosha: katika vitabu vyote vitatu asimuliaye ni "mimi". Msomaji aliyezoea "hapo kale palikuwa na mtu" alikutana ghafula na sauti inayosema niliona, nilifanya, niliua. Naye hakupewa "Paukwa" ya kumwonya.

Mfano wa Mashimo ya Mfalme Sulemani unatosha kuonyesha hatari yake. H. Rider Haggard alipokitoa kitabu hiki kwa Kiingereza, mwaka 1885, alikuwa na umri wa miaka 29. Msimulizi wake, Allan Quatermain, ni mwindaji wa tembo mwenye miaka 55, anayeandika ili mwanawe Harry, aliyekuwa akisomea uganga London, apate kujifurahisha. Kijana amemtunga mzee. Hilo peke yake lingetosha kumzuia mwanafunzi asiseme "mwandishi anasema". Lakini yako makubwa zaidi. Quatermain ajiita mwoga, nasi twamwona akipigana. Hapo twacheka, maana twajua ni unyenyekevu wa mzee. Je, mbona hatumtilii shaka anapotoa hukumu juu ya Waafrika?

Hapo mwanzo wa safari anatokea Umbopa, mtu mrefu anayeomba kazi ya utumishi. Umbopa anazungumza na wale Wazungu kama mtu na wenziwe, na Quatermain achukizwa, kwa kuwa hakuzoea kusemeshwa vile na mtu mweusi. Hata mwisho yatambulikana kuwa Umbopa ni Ignosi, mfalme wa haki wa nchi ile wanayoiendea. Aliyedhaniwa mtumishi ndiye bwana wa nchi, na msimulizi wetu alikuwa naye kambini siku nyingi asimjue. Yaani hadithi yenyewe imemshinda msimulizi wake. Mwanafunzi asomaye kwa kumwamini Quatermain neno kwa neno atajifunza dharau. Asomaye huku akimpima Quatermain atajifunza jinsi dharau inavyompofusha mtu. Kitabu ni kile kile.

Vivyo hivyo habari ya Foulata, msichana aliyempenda Kapteni Good, akafa ndani ya mashimo. Quatermain asema kwa upole kwamba kufa kwake kuliwaepusha na matatizo. Hatujui kama Haggard aliyasema hayo moyoni mwake. Twajua tu kwamba Quatermain ameyasema, na ya kwamba mtu awezaye kuyasema juu ya maiti ya msichana aliyekufa akijaribu kuwaokoa ametuonyesha kiasi cha moyo wake. Yako matata mengine, nayo ni ya lugha. Kiswahili kina "sisi" moja tu: hakitofautishi kati ya sisi pamoja nawe na sisi pasipo wewe. Quatermain anaposema "sisi" kwa Kiswahili, mtoto wa Mbagala asomaye dawatini aweza kujikuta ameingizwa katika msafara wa watu ambao, kama wangemwona, wangempa mzigo achukue. Mwalimu asipouliza "sisi hawa ni akina nani?" hakuna mwingine atakayeuliza.

Kisiwa chenye Hazina ni chepesi zaidi. Robert Louis Stevenson amempa kijana Jim Hawkins kusimulia, ila katikati, kwa muda wa sura tatu, amemwachia kazi hiyo Daktari Livesey, kwa kuwa Jim hakuwapo penye mambo yale. Na Jim mwenyewe apendezwa na John Silver hata siku anapojificha ndani ya pipa la matofaa na kumsikia akipanga uasi. Msimulizi ajua yale tu ayaonayo na ayasikiayo.

Mwaka 1934 James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa, habari za watumwa waliookolewa na kukaa Freretown, karibu na Mombasa. Wako waliokiita historia, wako waliokiita riwaya, na wengine baada ya uhuru wa nchi wakakilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza. Sisi twaona lawama hiyo imempata mtu asiyestahili. Msimulizi wa kitabu hiki ni mtoto wa watu waliofunguliwa; ayapokeza aliyoyasikia kwa wazee wake, na shukrani ni sehemu ya urithi aliopewa. Atakaye kujua kwa nini dola ile ilizikamata jahazi za watumwa, na faida gani iliipata, atafute katika vitabu vingine. Atakaye kujua jinsi watoto wa Freretown walivyofundishwa kukumbuka, hapa amepata shahidi, naye ashuhudia hata pale asipokusudia.

Shaaban Robert katika Kusadikika, 1951, alipita njia nyingine. Karama ashitakiwa na Majivuno mbele ya mfalme, naye ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi mbalimbali wakarudi na kuadhibiwa. Walimu wetu hupenda kuchambua majina, nayo ni kazi nzuri lakini yaisha upesi, maana Majivuno ni majivuno. Lililo zito ni kwamba sehemu kubwa ya kitabu yanenwa na mshitakiwa aliyesimama kizimbani, mwenye haja ya kushinda daawa. Msomaji amewekwa barazani pamoja na waamuzi.

Lakini mtihani mkubwa waletwa na Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika, 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kana kwamba kuuonyesha upotevu wa msichana ni kuusifu. Kichwamaji, 1974, ni kigumu kuliko hicho, kwa kuwa hapa msimulizi ni Kazimoto, msomi wa Chuo Kikuu, naye atuambia mambo kwa akili kali hata twasahau kumchunguza. Manase amemharibu Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia amekufa. Kazimoto ajawa hasira ya haki, nasi twakasirika pamoja naye. Kisha akusudia kulipiza kwa Sabina, dada yake Manase, aliyekuwa hana kosa lolote. Na sauti inayosimulia haitetemeki. Alimhukumu Manase kwa sheria ambayo yeye mwenyewe haitumii nafsini mwake. Twajua wasomaji werevu waliofika mwisho wa kitabu wasiione tofauti hiyo, kwa sababu "mimi" iliwashika mkono tangu ukurasa wa kwanza.

Kazimoto ajiua. Basi hapo huandikwa katika karatasi za mtihani ya kuwa "mwandishi amekata tamaa, anaona maisha hayana maana". Huenda; lakini jambo hilo lataka kuthibitishwa kwa kitabu kizima, wala si kwa kauli ya mtu aliyekwisha kuukataa uhai. Kezilahabi mwenyewe alifundisha vijana Dar es Salaam, kisha Botswana, akatunga mashairi na riwaya nyingine, na alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020.

Vijana wanaosomea ualimu katika chuo cha elimu kilichoanzishwa Chang'ombe, Temeke, mwaka 2005, ndio watakaozisahihisha karatasi za miaka ijayo. Kwao twapendekeza jambo dogo: kila penye "mwandishi anasema", mwanafunzi arudishiwe karatasi aandike jina la asemaye, na mbele ya nani, na kwa haja gani. Kazi hii yachukua wakati, na madarasa ya Temeke yana watoto wengi. Lakini mtoto aliyelelewa na bibi ajuaye kutia "eti" mahali pake hatahitaji kuelezwa mara mbili.