Mfalme wa Tumbaku na Mjukuu Wake

Wanafunzi husoma kwamba Marekani ilijengwa na wakulima hodari kutoka Uingereza. Tumtazame mkulima mmoja, Robert Carter wa Virginia, ambaye watu walimwita "Mfalme".

Carter alikuwa spika wa baraza la koloni, na mwaka 1726 hadi 1727 alikaimu ugavana. Wakati huohuo alikuwa wakala wa ukoo wa Fairfax wa Uingereza, mwenye kugawa ardhi yao kati ya mito ya Rappahannock na Potomac. Mgawaji akajigawia mwenyewe, wanawe na wakwe zake. Alipofariki mwaka 1732 aliacha karibu ekari 300,000 na mamia ya watumwa waliomlimia tumbaku.

Mali ile ilikuwa na damu. Mwaka 1708 mahakama ilimpa kibali cha kuwakata vidole vya miguu watumwa wake wawili, Harry na Dinah, ili wengine waogope. Na tusidhani watumwa wa huko walikuwa watu wasio na elimu. Miaka hiyohiyo ya Carter, katika koloni jirani ya Maryland, Ayuba Suleiman Diallo, Muislamu kutoka Bundu, Afrika Magharibi, alitumikishwa kwenye tumbaku. Alimwandikia baba yake barua kwa Kiarabu, na barua hiyo ndiyo iliyofungua njia ya kukombolewa kwake.

Ukoo wa Carter ulitoa marais wawili, William Henry Harrison na Benjamin Harrison, pamoja na Robert E. Lee, jemadari wa majimbo yaliyotetea utumwa katika vita vya 1861 hadi 1865.

Lakini ulimtoa pia mjukuu, Robert Carter wa tatu. Mwaka 1791 aliwasilisha mahakamani hati ya kuwaacha huru watumwa wake zaidi ya 450, kila mmoja kwa jina lake. Hawakutoka siku moja. Walipangiwa zamu mwaka hadi mwaka. Majirani walikasirika. Yeye hakurudi nyuma.

Wazazi wenzetu, jambo hili ni la kuzungumza na watoto. Kurithi mali si kosa la mtoto. Ila akishajua ilivyopatikana, uamuzi ni wake. Mjukuu huyu alilelewa kwa jasho la watumwa, na majirani zake wote waliona ni jambo la kawaida. Hata hivyo aliwarudishia watu uhuru wao, ingawa kwa kufanya hivyo alipunguza urithi wa wanawe mwenyewe.