Mombasa 1632: meli za Wareno zilivyoshindwa mbele ya ngome yao wenyewe

Wakaaji wengi wa Goma wanaijua Mombasa kwa sababu ya makontena: mali nyingi ya madukani inashuka kwenye bandari ile mbele ya kupita Uganda na kufika kwetu. Karibu miaka 400 iliyopita, mji huo uliponyoka mikononi mwa Wareno, ni kusema watu wa Portugal. Wakatuma meli za vita kuurudisha. Meli zilirudi bure.

Mambo yalianzia kwa mtoto. Mwaka 1614 mfalme wa Mombasa, Hasan bin Ahmad, aliuawa kwa mpango wa Wareno. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa, India, makao makuu yao upande huu wa dunia. Mapadri wakamlea, wakambatiza Dom Jerónimo Chingulia, na baadaye Wareno wakamrudisha Mombasa awe mfalme. Walidhani wamepata mtu wao. Lakini kapiteni wa ngome alimdharau, na habari ikamfikia kwamba Yusuf anaonekana usiku akisali kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu. Ilikuwa imebaki kumfunga tu.

Yusuf akawahi. Katikati ya mwezi wa nane 1631 aliingia Ngome ya Yesu, Fort Jesus, na watu wake, wakamuua kapiteni Pedro Leitão de Gamboa. Siku zilizofuata waliuawa Wareno wengi, wanawake na watoto pia, pamoja na Waafrika Wakristo waliokataa kuacha dini yao. Hapo hakuna cha kusifu, hata kama kifo cha baba yake kilimuuma.

Njo Goa ikatuma kundi la meli chini ya Francisco de Moura. Zilifika mwezi wa kwanza 1632. Ngome hiyo, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ilikuwa juu ya jiwe la matumbawe, mizinga ikitazama mlango wa bandari. Ilijengwa kusudi meli za adui zisipite. Sasa adui walikuwa wenye kuijenga.

Mombasa ni kisiwa sawa vile Idjwi, ila maji yanayoitenga na nchi kavu ni membamba sana. Wareno walijaribu kushuka wakashindwa. Na upepo haukuwangoja: kaskazi, unaoleta meli kutoka India, unaisha karibu mwezi wa tatu. Mwezi huo Moura akaondoka, akaacha meli chache tu za kulinda bandari.

Zile nazo hazikumkamata mtu. Mwezi wa tano Yusuf mwenyewe akapanda meli iliyotekwa kwa Wareno, akaenda zake, akiacha ngome imeharibiwa. Aliishi kama haramia hadi alipokufa, miaka michache baadaye, upande wa Bahari ya Shamu. Mwezi wa nane Wareno wakaingia tena Mombasa, maana mwenye kuilinda hakuwepo tena. Waliipoteza kwa Waarabu wa Oman mwaka 1698.

Juu ya mlango wa ngome kungali maandishi ya 1635. Kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu humo jinsi alivyoadhibu watu wa pwani kwa uasi ule. Meli za Moura hazitajwi.