Lafudhi, Mkazo, Toni: "Aksenti" Haitoshi

Neno la Kiingereza "accent" asili yake ni wimbo. Warumi walikuwa na "accentus", lililoundwa kwa "ad", yaani kwenye, na "cantus", uimbaji, wakifuata neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo. Kwa Wagiriki wa kale liliwafaa kabisa, kwani wao silabi kuu waliipandishia sauti. Kiingereza kililipokea kupitia Kifaransa, kikalibebesha mizigo mitatu: nguvu ya silabi, alama inayoandikwa juu ya herufi, na matamshi yanayomtambulisha mtu na kwao.

Kiswahili kimeitenganisha mizigo hiyo, nami naona kimefanya vema. Nguvu ya silabi ni mkazo, au shadda. Kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: barabára ni njia ya magari, ilhali barábara, yenye maana ya sawasawa, imekiuka kanuni. (Alama hizo nimeziweka hapa tu, tahajia yetu haina.) Matamshi ya mtu ni lafudhi, neno lenye asili ya Kiarabu. Kupanda na kushuka kwa sauti katika sentensi ni kiimbo, nalo limetokana na kuimba.

Mbinga, kusini mwa Tanzania, panahitajika istilahi moja zaidi: toni, yaani kupanda au kushuka kwa sauti ya silabi kunakoweza kubadili maana ya neno. Kimatengo, lugha ya wenyeji wa huko, ni lugha ya toni, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu. Kiswahili ndicho kilichoiacha. Tena Kimatengo hakiuachii msisitizo sauti peke yake. Mwanaisimu Mjapani Nobuko Yoneda ameonyesha kwamba umbo la kitenzi chake hubadilika kulingana na kinachosisitizwa katika sentensi. Katika Kiswahili tungetumia "ndi-": mimi ndiye niliyelima.

Basi mwalimu wa Litembo, au wa Mbamba Bay kule Ziwa Nyasa, anapomsahihisha mtoto, ajue anasahihisha nini. Mtoto akikaza silabi isiyostahili, hilo ni kosa la mkazo, afundishwe. Akisema Kiswahili sanifu kwa sauti ya kwao, hiyo ni lafudhi, wala si kosa. Hakuna asiye na lafudhi, awe wa Nyasa, Unguja au London. Kumwambia "una aksenti" hakumfundishi lolote, kunamtia haya tu. Walimu wenzangu, neno hilo tuliache nje ya darasa.